Kuanza Jimnastiki Ujanani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Jioni, maji yanapojaa pale Forodhani mjini Unguja, vijana hukimbia hadi ukingoni mwa ukuta na kujirusha baharini, wakipinduka hewani mara moja au mbili kabla ya kuzama. Hata hivyo, kijana wa miaka 14 au 16 anayetamani kujifunza jimnastiki kwa hatua na chini ya mkufunzi, huambiwa karibu kila anapouliza kwamba wakati wake umepita. Maneno hayo huvunja moyo, na kwa kuwa yamebeba chembe ya ukweli, yanastahili kuchambuliwa kwa makini badala ya kukanushwa tu.

Dhana kwamba asiyeanza akiwa na miaka mitano au sita amechelewa ilipata nguvu kubwa Montreal mwaka 1976, pale Nadia Comăneci wa Romania, akiwa na miaka 14, alipopewa alama 10 kamili, ya kwanza katika jimnastiki ya Olimpiki. Tangu hapo, watu wengi wakisikia jina la mchezo huu humwona mtoto. Kanuni zenyewe zilikwisha kubadilika: kuanzia mwaka 1997 mwanamke haruhusiwi kushindana na wakubwa katika Olimpiki kama hatimizi miaka 16 ndani ya mwaka huo. Simone Biles wa Marekani alitwaa ubingwa wa jumla, yaani wa vifaa vyote kwa pamoja, Paris 2024 akiwa na miaka 27. Oksana Chusovitina, mzaliwa wa Uzbekistan, alipata medali ya fedha Beijing 2008 akiwa na miaka 33, na alishindana tena Tokyo akiwa na miaka 46. Zamani zaidi, mwaka 1956 huko Melbourne, Ágnes Keleti wa Hungaria alishinda medali nne za dhahabu akiwa na miaka 35.

Lakini tuseme kweli yote. Wanawake hao watatu walianza utotoni, kwa hiyo mifano yao inathibitisha kwamba mwili wa mtu mzima unaiweza jimnastiki, wala haithibitishi kwamba aliyeanza na miaka 15 atafika Olimpiki. Katika jimnastiki ya kisanaa, ile ya wanawake wenye vifaa vinne na wanaume wenye sita, njia ya kwenda huko hudai mazoezi ya miaka mingi tangu udogoni, na mkufunzi anayemficha kijana jambo hilo hamtendei haki. Kosa ni kudhani kwamba hiyo ndiyo jimnastiki yote. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoanzishwa mwaka 1881, husimamia pia trampolini, akrobatiki, aerobiki, mchezo wa kuruka kuta na vizuizi vya mitaani, na jimnastiki kwa wote, ambayo haimfukuzi mtu kwa umri wake. Kijana anayeanza leo anaweza, akidumu, kusimama kwa mikono bila kutikisika, kuruka samasoti, yaani kupinduka hewani, kwa usalama na kushindana katika ngazi za wanaoanza. Kwangu mimi hilo ni lengo kamili, lisilohitaji kuombewa radhi. Tena kijana anacho ambacho mtoto hana: akielezwa kwa nini kiuno hakitakiwi kubonyea, huelewa na kujisahihisha.

Wengine hukubali kuanza, ila hujiwekea sharti: kwanza wajinyooshe nyumbani mpaka waweze kupiga msamba, yaani kutanua miguu hadi mapaja yaguse sakafu, ndipo waende mazoezini. Sharti hilo limewachelewesha wengi, kwa sababu ulaini wa viungo hupatikana humo humo mazoezini. Katika wiki za mwanzo misuli hairefuki sana. Kinachobadilika zaidi ni neva, ambazo huzoea hali ya kuvutwa na kuacha kuipinga kwa kukaza. Ndiyo maana kujinyoosha kwa upole mara kadhaa kwa wiki, mwili ukiwa umekwisha pata joto, hufaa kuliko kujilazimisha siku moja hadi machozi yatoke. Ile desturi ya mwenzako kukukalia au kukukandamiza mapaja ili ushuke inafaa kuachwa kabisa, kwani inaweza kuchana misuli ya nyuma ya paja na kukuweka nje kwa miezi.

Na kwa kweli, aliyeanza ujanani mara nyingi hakwamishwi na msamba. Hukwamishwa na mabega. Keti sakafuni, mgongo wote ukigusa ukuta, kisha inua mikono iliyonyooka hadi iguse ukuta juu ya kichwa bila kiuno kuachana nao. Wengi waliokaa miaka mingi wakiwa wameinamia dawati na simu hushindwa, na anayeshindwa hapo atasimama kwa mikono akiwa amepinda kama ndizi, uzito ukimlemea kiunoni. Mwezi wa kwanza ungetumika vizuri zaidi hapo, pamoja na zoezi la kulala chali, kiuno kikiwa kimegandamizwa sakafuni na mabega na miguu vikiwa vimeinuliwa kidogo.

Wazazi, kwa upande wao, huhofia kwamba mtoto atadumaa. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2013 yalichunguza suala hilo na kuhitimisha kwamba mazoezi makali ya jimnastiki hayapunguzi kimo ambacho mtu hukifikia utu uzimani. Wafupi huonekana wengi kileleni kwa sababu mwili mfupi huzunguka hewani kwa urahisi, hivyo ndio wanaochaguliwa na kudumu, kama vile mpira wa kikapu unavyowakusanya warefu bila kumrefusha yeyote. Biles ana sentimita 142, naye Epke Zonderland wa Uholanzi, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2012 katika chuma kirefu, kile cha mlalo kinachoning'iniwa juu, ana 173. Katika akrobatiki mwenye umbo kubwa hutafutwa, maana yeye ndiye mbebaji wa wenzake. Jambo ambalo mzazi anapaswa kulifuatilia ni jingine: mifupa ya kijana bado inakua, hasa kwenye kifundo cha mkono na chini ya goti, na sehemu hizo huumia zikipewa mzigo mwingi ghafla. Wasichana hurefuka kwa kasi karibu na miaka 12 na wavulana karibu na 14, na katika miezi hiyo hata hatua zilizokwisha zoeleka zinaweza kuvurugika. Maumivu yanayorudi kila baada ya kusimama kwa mikono yanahitaji mapumziko na daktari.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni kwamba mchanga wa pwani ni salama, na kwamba video chache za simu zinatosha kumfundisha mtu samasoti. Ukumbi wa mashindano una sakafu ya mita 12 kwa 12 iliyowekewa springi chini yake, inayomrudishia mrukaji nguvu aliyoikanyagia. Mchanga mkavu humeza nguvu hiyo, kwa hiyo anayeruka hapandi juu vya kutosha, na ndiyo sababu vijana wa sarakasi hufukia tairi kuukuu nusu mchangani wapate kudundia. Mchanga uliolowa maji, nao, ni mgumu, na anayeuangukia kwa kichwa huhatarisha uti wa shingo. Bahari haiondoi tatizo. Wale wa Forodhani wanajua saa za kujaa na kupwa. Mgeni anayewaiga maji yakiwa yamepwa hukutana na sakafu ya bahari. Zaidi ya hayo, maji hayamfundishi mtu kutua kwa miguu, na kutua ndiko kunakoleta majeraha mengi. Kwa hiyo mafunzo mazuri huanzia kwenye kuanguka: kubingirika mbele na nyuma, kuruka chini na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kisha samasoti juu ya godoro nene, mkufunzi akikushika kiunoni mpaka atakapoona huhitaji tena mkono wake.

Kuhusu mavazi, familia nyingi hudhani binti lazima aache miguu wazi. Kanuni za kimataifa huruhusu vazi linalofunika mwili hadi vifundoni, na timu ya wanawake ya Ujerumani ililivaa katika Olimpiki ya Tokyo. Wavulana wanaoambiwa kwamba huu ni mchezo wa kike wawatazame wanaume kwenye pete zinazoning'inia, wakijibeba kwa nguvu za mikono.

Lipo pia suala la vifaa, na hapa naelewa vizuri malalamiko, kwa sababu kumbi zenye vifaa kamili ni chache Afrika Mashariki na ziko mbali na wengi. Hata hivyo, miezi ya mwanzo huhitaji ukuta, mkeka na sehemu tambarare. Boriti ya mashindano, ule mhimili mwembamba wanaotembea na kuruka juu yake wanawake, ina upana wa sentimita 10, urefu wa mita 5, na husimama sentimita 125 kutoka chini. Chora kwa chaki mstari wa upana na urefu huo sakafuni, ukatembee juu yake mbele, nyuma na kwa kugeukia kidole cha mguu mmoja, mikono ikiwa juu na macho yakitazama mwisho wa mstari. Utakapoweza kufanya hivyo mara kumi mfululizo bila kukanyaga nje, hamia kwenye benchi fupi.