Kwa nini dohani zilirefuka

Kazi yangu ni kupima moshi wa vituo vya umeme. Kila ikitoka kanuni mpya ya mazingira, watu huuliza itaongeza gharama kiasi gani. Mimi naanza na swali jingine: kinapimwa nini, na wapi?

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya 1970 ilileta viwango vya hewa wanayovuta watu, hewa inayopimwa karibu na ardhi. Vituo vingi vya makaa ya mawe viliona njia nyepesi: vikarefusha dohani. Vipimo vya jirani vikawa vizuri. Lakini dohani ndefu haipunguzi hata kilo moja ya dioksidi ya salfa, gesi itokayo salfa ya makaa inapoungua. Gesi ilipaa, ikachukuliwa na upepo, ikaangukia misitu na maziwa ya mbali ikiwa mvua ya asidi. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kwenye makaratasi kila kitu kilikuwa sawa.

Marekebisho ya 1977 yakavitaka vituo vipya vipunguze salfa kwa asilimia iliyowekwa, hata kama makaa yao yana salfa kidogo tangu mgodini. Hapo mtambo wa kuosha moshi ukawa haukwepeki. Mtambo huo hunyunyizia moshi uji wa mawe ya chokaa yaliyosagwa, salfa ikanaswa na kugeuka jasi. Ni kifaa kizuri, ila nacho hula umeme wa kituo, kwa hiyo makaa mengi zaidi huchomwa ili mteja apate umeme uleule. Vituo vikongwe havikubanwa hivyo, vikaendelea kuzeeka kazini.

Sheria iliporekebishwa tena mwaka 1990, kipimo kikawa tani zenyewe za gesi hiyo. Vituo vikawekewa kikomo cha pamoja, kila tani ikadai kibali, na vibali vikaruhusiwa kuuzwa. Baadhi vilifunga mitambo ya kuosha. Vingi viliagiza makaa yenye salfa kidogo, yakaja kwa treni kutoka jimbo la Wyoming. Salfa ilishuka kwa gharama ndogo kuliko iliyohofiwa.

Sasa naziangalia meli. Mwaka 2020 shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, IMO, lilishusha kikomo cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Meli yenye mtambo wa kuosha moshi inaruhusiwa kuendelea na mafuta mazito yenye salfa nyingi, na mingi ya mitambo hiyo humwaga maji yake baharini. Bandari kadhaa zimeshayakataza.