Tabianchi ya kale si hali ya hewa ya zamani

Mara ya tatu mwezi huu namsikia mtu hapa Kasese, Uganda, akiwaambia wageni kwamba mawe ya milima ya Rwenzori yanaonyesha "hali ya hewa ya miaka 20,000 iliyopita". Hapana. Yanaonyesha tabianchi.

Maana yenyewe ni fupi. Kukadiria tabianchi ya kale ni kutafuta baridi, joto na mvua za zama ambazo hakuna aliyezipima, kwa kusoma alama zilizobaki. Mlimani, barafu nene hutambaa polepole ikiburuta mawe, na pale inapoishia huacha tuta. Tuta hilo huitwa moreni.

Sasa neno. Tabia tuliipata kwa Waarabu, nayo ni maumbile, mwenendo uliozoeleka. Jirani akikununia asubuhi moja husemi ana tabia mbaya. Unasema leo kaamka vibaya. Mvua ya leo ni huko kuamka. Tabia ya mtu huijui mpaka mmekaa pamoja, na ya nchi vilevile: wataalamu huipimia wastani wa miaka 30.

Nenda Ziwa Mahoma, karibu mita 3,000, juu ya bonde la Mubuku. Ziwa limekingwa na tuta lenye majabali makubwa. Miale ya kutoka angani hugonga kwatzi, madini magumu yaliyomo ndani ya jabali, na kuzalisha berili-10, aina adimu ya elementi ya berili. Jabali likikaa wazi zaidi, nayo huongezeka. Kwa hesabu hiyo, matuta ya Mahoma yana miaka kati ya 25,000 na 20,000 hivi. Barafu iliyobaki leo iko juu kabisa, kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109. Kuishusha hadi Mahoma si kazi ya usiku mmoja wa baridi, wala ya mwaka mmoja.

Tena mvua nyingi nayo hunenepesha barafu, kwa hiyo tuta peke yake halitoshi. Matope ya maziwa yetu yanaonyesha kwamba zama zile Afrika Mashariki ilikuwa kavu kuliko sasa. Kwa hiyo kilichoishusha barafu ni baridi.

Wakonzo, wenyeji wa milima hii, huiita theluji nzururu, na ndimo lilimotoka jina Rwenzururu. Nzururu iliyoanguka jana usiku, ndugu yangu unayeongoza wageni, hiyo iite hali ya hewa. Ukifika kwenye tuta la Mahoma, waambie tabianchi.