Ujiji ilivyoachwa na ziwa lake

Mgeni akifika Ujiji mara ya kwanza huwa na swali moja: kama hapa ndipo Stanley, yule mwandishi wa habari, alipomkuta mmisionari Livingstone kando ya ziwa, ziwa lenyewe liko wapi? Ameoneshwa uwanja wenye uzio, mnara wa mawe ya kijivu, miembe miwili iliyotokana na vipandikizi vya ule mwembe wa zamani, na nyumba ya makumbusho. Maji hayaoni. Inabidi ateremke kwa miguu, apite nyuma ya nyumba za watu na vijishamba vyao, ndipo afike kwenye mchanga. Nimewasikia wengi wakinong'ona kwamba serikali ya wakoloni iliweka mnara popote tu ili mradi watalii wapate pa kupigia picha.

Mnara uko mahali pake. Kilichohama ni ziwa.

Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu ni kupanda bikoni, yaani nguzo za alama, na kuchora mipaka ya viwanja, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye mwambao huu wa Kigoma. Historia niliingia kwa mlango wa nyuma: huwezi kupima viwanja kandokando ya Ziwa Tanganyika bila kujiuliza ukingo wa maji ulikuwa wapi juzi, wapi jana, na utakuwa wapi mtoto wa mteja wako atakapotaka kujenga. Kwa hiyo watu wanaponiuliza kuhusu magofu na sehemu zilizotelekezwa za hapa kwetu, nawaambia waanze na maji kabla ya kuanza na Waarabu, Wajerumani au reli.

Ziwa Tanganyika linapokea maji kutoka mito mingi. Mikubwa ni Rusizi, unaoshuka kutoka Ziwa Kivu, na Malagarasi, unaokusanya maji ya nusu ya magharibi yetu hii kabla ya kuingia ziwani kusini mwa Ujiji. Njia ya kutokea ni moja tu: mto Lukuga, upande wa Kongo, pale ulipo mji wa Kalemie leo. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa haipiti hata huko. Jua huyachukua kama mvuke. Lukuga unapata ziada tu, na hapo ndipo mambo yanapoanzia. Miaka ya mvua haba mto unakosa nguvu, matete na matope yanaziba mdomo wake, kizuizi kinajijenga chenyewe. Mvua zikirudi, ziwa linapanda kama karai lililozibwa tundu, mpaka siku kizuizi kinapasuka.

Katika karne ya 19 jambo hilo lilitokea mbele ya macho ya watu walioandika. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakitafuta chanzo cha Nile, wakakaa Kawele, mtaa wa soko la wakati ule. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Novemba 1871, walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini, wakathibitisha kwamba Rusizi unaingiza maji ziwani na wala hauyatoi. Cameron, msafiri Mwingereza, mwaka 1874 alifika Lukuga akakuta mto umesongwa na majani. Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta jambo ambalo kwa mpima ardhi ni dhahabu: michikichi mitatu iliyokuwa imesimama sokoni Ujiji mwaka 1871 ilikuwa sasa imo ndani ya maji, kama mita 30 kutoka ukingoni. Mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea juu yake asubuhi ulikuwa umezama, kiasi cha mita 60 ndani ya ziwa. Hiyo ni miaka 5 tu.

Stanley akaenda Lukuga, akaona kizuizi, akasema hakitadumu. Hakikudumu. Karibu mwaka 1878 maji yalikipasua, na Edward Hore, baharia wa misheni ya London aliyekuwa anakaa Ujiji, alipofika Lukuga mwaka 1879 alikuta mto unakwenda mbio kuelekea Kongo. Kuanzia hapo ziwa likashuka, na likaendelea kushuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 lilikuwa limepungua kwa takribani mita 10 kutoka kilele chake.

(Wajiji walikuwa na maelezo yao kuhusu ziwa hili, na Stanley aliyaandika. Zamani hapa palikuwa na bonde na watu wengi, na mume na mke waliokuwa na kisima kirefu kilichojaa samaki. Siri ya kisima ilikuwa ya nyumba yao tu. Mke akampenda mwanamume mwingine, akamwonesha kisima. Ardhi ikapasuka, maji yakameza bonde zima. Kwa ziwa linaloweza kumeza soko ndani ya miaka 5, hadithi hiyo haiko mbali na ukweli kama wasomi wanavyodhani.)

Sasa tuje kwenye hesabu, maana bila hesabu watu hubaki wanabishana. Maji kushuka mita 10 kunahamisha ufukwe kwa umbali gani? Jibu linategemea mteremko wa ardhi peke yake. Pale ardhi inaposhuka mita 1 kwa kila mita 50, maji yakishuka mita 10 ufukwe unasogea mita 500. Kwenye mwamba uliosimama wima, mita 10 zile zile zinaacha ukuta wa mawe mtupu na ufukwe unabaki pale pale. Ujiji iko kwenye ardhi tambarare inayoshuka polepole, na upande wa kusini kuna bonde la mto Luiche ambalo ni tambarare zaidi. Ghuba ya Kigoma, kilomita chache kaskazini, imezungukwa na vilima vya mawe vinavyoingia majini ghafla, na kina chake ni kirefu karibu kabisa na nchi kavu. Ziwa lile lile, mshuko ule ule; mji mmoja ukapoteza bandari, mwingine haukupoteza chochote.

Hili ndilo ninalolisisitiza kila ninapozungumza na vijana wa kitivo cha historia wanaokuja huku na daftari zao. Vitabu vya shule vinaeleza kwamba Ujiji ilikufa kwa sababu biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilikomeshwa, kisha Wajerumani wakaleta reli Kigoma. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Kwa nini reli haikuishia Ujiji, mji uliokuwa na watu, soko, misikiti na jina linalojulikana hadi Ulaya? Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa hapo tangu kama mwaka 1840. Mwinyi Kheri, Mswahili wa pwani, alikuja kuwa liwali wa Sultani wa Zanzibar hapo hapo. Hata Wajerumani walianza kwa kuweka kituo chao cha kijeshi Ujiji. Lakini meli ya chuma haifungwi kwenye mchanga wa kina cha magoti, tena mahali palipo wazi kwa upepo wa kusini wa kiangazi. Mtumbwi unavutwa nchi kavu, meli haivutwi. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ikapita Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma, kilomita 1,252 kutoka baharini. Mwisho wa reli ukawa kwenye kina kirefu.

Habari za meli ya Liemba kila mtu anazo, kwa hiyo nitapita haraka. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwenye makasha na kuunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, mafundi wa Kijerumani wakazipaka mashine grisi na kuizamisha wenyewe. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina tunalolijua. Ninachotaka uone ni kwamba meli ya aina hiyo isingeweza kuwa ya Ujiji kamwe.

Basi Ujiji ya kale iko wapi? Kosa la wanaoitafuta ni kwamba wanateremka hadi ufukweni wa leo. Pale watawakuta mafundi wa maboti, na kwa kweli hao peke yao wanastahili safari: wanachonga mataruma (mbavu za boti), wanapigilia mbao, wanaziba nafasi kwa pamba, bila umeme wowote, huku watoto wakizungusha gurudumu la baiskeli pembeni. Lakini ardhi waliyosimama haikuwa ufukwe wakati wa Livingstone. Ilikuwa chini ya maji. Hakuna tembe wala ghala la pembe litakalopatikana hapo hata uchimbe mpaka kesho. Mabaki ya mji wa misafara yatafutwe juu, kuanzia usawa wa mnara kwenda ndani, kandokando ya ile njia yenye miembe mikubwa iliyozeeka, kwenye mitaa ambayo bado ina nyumba za baraza na milango miwili.

Ushahidi wenyewe nauonaga kwenye mashimo ya vyoo. Sisi wapima tunapita sana kwenye viwanja vinavyojengwa, na shimo la choo la futi 12 ni darasa tosha. Kwenye viwanja vya juu, karibu na mnara, utakuta udongo mwekundu, vigae vya vyungu, pengine mkaa. Teremka viwanja kadhaa kuelekea ziwani na ukuta wa shimo unabadilika: juu kuna udongo mweusi wa kilimo, kiasi cha mkono kutoka kidoleni hadi kiwiko, kisha ghafla mchanga safi, mweupe, uliochekechwa vizuri, na ndani yake magamba ya konokono wakubwa wa ziwani, mazima, kama yametupwa juzi. Fundi mmoja wa kuchimba aliniuliza, "Mzee, nani alileta mchanga wa ziwani huku juu?" Nikamwambia haukuletwa na lori. Alicheka, akaendelea kutupa magamba nje na koleo.

Kuna mtu atasema: sawa, hiyo ni karne ya 19, ziwa limetulia. Halijatulia. Mvua kubwa za mwaka wa uhuru, 1961 na 1962, zililipandisha mpaka likafikia kilele mwaka 1964, na wazee wa mwambao wanakumbuka mialo, yaani sehemu za kuegesha mitumbwi, iliyozama. Kisha likashuka kidogo kidogo. Miaka ya 2000 maji yalikuwa chini kiasi kwamba kelele zilikuwa kuhusu meli kushindwa kufunga gatini na kizuizi cha Lukuga kujengwa upya. Watu wakashuka na maji. Vibanda vya dagaa, mabanda ya kukaushia, nyumba za kulala wageni, hata nyumba za familia, vyote vikasogea kwenye mchanga mpya. Halafu kuanzia mwishoni mwa 2019 mvua zikabadilika, ziwa likapanda tena, likapanda zaidi mwaka 2021, na mwaka 2024 likafika viwango ambavyo havikuonekana tangu ile miaka ya sitini. Bujumbura walihama mitaa mizima. Kwetu, sehemu za chini za mialo ziliingia majini. Pita kwa boti kutoka Kibirizi ukielekea Gombe, utaona kuta bila paa zimesimama ndani ya maji, dirisha likiwa usawa wa mawimbi. Hayo nayo ni magofu, ila hayajapata mtu wa kuyawekea kibao.

Hapo ndipo kazi yangu inapokutana na sheria. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini niambie, mita 60 kutoka ukingo upi? Wa mwaka 2006, wakati mchanga ulikuwa mpana hadi watoto wanacheza mpira juu yake? Wa 2024? Kwenye miamba ya Bangwe tofauti ni hatua chache na haina madhara. Kwenye tambarare ya Luiche, tofauti ya mita 2 za kina inaweza kuhamisha ukingo zaidi ya mita 100, yaani hizo mita 60 zote zimezama na nyumba ya nyuma yake pia. Nimeona viwanja vilivyopimwa kihalali kabisa, vyenye hati, ambavyo leo bikoni zake zinafikiwa kwa mtumbwi. Aliyezipanda hakuvunja sheria. Alipima kutoka majini siku aliyofika.

Siku hizi nikiitwa kupima mwambaoni siangalii maji kwanza. Natafuta alama ya juu kabisa: mstari wa matete makavu, vipande vya mbao na chupa za plastiki ambao ziwa liliuacha lilipofika mbali zaidi, mizizi ya miti iliyooza upande mmoja, mwamba wenye weupe hadi usawa fulani na weusi kutoka hapo. Nauliza wazee wa hapo walivutia mitumbwi wapi mwaka 1964, na karibu kila mara wananionesha mahali panapokubaliana na mashine yangu. Kutoka kwenye alama hiyo ndipo ninapohesabu mita 60. Wateja hawafurahi, kwa sababu kiwanja alichokinunua mtu kikiwa na upana wa kujenga nyumba na uzio kinabaki na nafasi ya bustani tu. Mmoja aliondoka akamtafuta mpima mwingine, na bikoni zake zikapandwa mbele kabisa, kwenye mchanga. Mwezi wa tano mwaka huo nilipita hapo, nikaiona moja tu kati ya nne.