Leftihendi siyo kupita kushoto

Juzi tena kijiweni jamaa anamwelekeza mgeni, anajiamini kabisa, "huku Bongo tunatumia leftihendi", akimaanisha tunapita kushoto, na watu wanatikisa vichwa kukubali. Jamani. Leftihendi ni gari ambayo usukani uko kushoto, basi. Upande wa barabara ni habari nyingine, tena mara nyingi ni kinyume chake, sisi tunaopita kushoto usukani unakaa kulia ili dereva awe upande wa katikati ya barabara, akitaka kuovateki aone anayekuja. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia, ndo maana ukivuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda unahama upande.

Nahisi inayotuchanganya ni hii "lefti" yenyewe, maana tunayo pia kwenye kipilefti. Kipilefti kwetu ni ule mzunguko wa barabara, kama pale Sanamu ya Askari Posta au Mnara wa Saa Arusha, ila ukilichambua neno halina mzunguko wowote ndani yake, ni amri ya kibao tu, "keep left", yaani shika kushoto. Watu wakasoma kibao, wakaupa mzunguko jina la kibao, ikawa hivyo. Wakenya wao wanasema raundabauti. Sasa Mbongo akifika Kigali utamsikia kwenye simu "nisubiri pale kipilefti", na hiyo kipilefti yenyewe ukishika kushoto unakutana na magari uso kwa uso! Wala simcheki, neno limeshahama maana, halirudi. Ila angalau lefti ya kipilefti inahusu barabara. Lefti ya leftihendi inahusu usukani.

Na leftihendi za kweli zipo hapa hapa, yale malori ya Kimarekani yenye pua ndefu, mengine nyuma yameandikwa LEFT HAND DRIVE kwa herufi kubwa, kwa sababu dereva kakaa upande wa majani na akitaka kuovateki haoni kitu mpaka utingo achungulie amwambie "twende" au "subiri kuna basi". Hiyo ni tahadhari kwa aliye nyuma. Ingekuwa ndo kawaida yetu nani angepoteza rangi kuiandika?

Kwa hiyo kaka wa kijiweni, Vitz yako imetoka Japan, nao wanapita kushoto kama sisi, usukani uko kulia, hiyo ni raitihendi. Kipilefti endelea nayo tu, hiyo hatukugusi.