Bando Linaloliwa Usiku: Kuzuia Simu Isijisasishe Bila Idhini Yako

Malalamiko yanayofika kwenye madawati ya watumiaji wa mawasiliano yanafanana kama mapacha. Mtu kanunua GB 2 saa tatu usiku, katazama video mbili fupi, kaichomeka simu kwenye chaji na kulala. Asubuhi anakuta ujumbe ulioingia saa kumi alfajiri: kifurushi chako kimekwisha. Anachoandika kwenye fomu ni neno moja, nalo ni "wizi".

Yapo malalamiko ya bando ambayo ni ya haki kabisa, na utaratibu wake umeelezwa huko mbele. Lakini kabla ya kumnyooshea kidole mtoa huduma, fungua kwanza daftari la simu yako. Kwenye Android nenda "Settings", kisha "Network & internet", chagua laini yako, halafu "App data usage". Kwenye iPhone ni "Settings", kisha "Mobile Data" au "Cellular", ushuke hadi orodha ya programu. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa simu nyingi zinazouzwa hapa Tanzania hutumika kwa Kiingereza. Hesabu ya iPhone haijifuti yenyewe mwisho wa mwezi, hivyo ukiona GB 40 usipige yowe. Huenda zinahesabiwa tangu siku uliyonunua simu. Shuka chini kabisa, bonyeza "Reset Statistics", kisha pima upya kuanzia hapo.

Mara nyingi juu ya orodha hiyo huwa pamekaa Play Store, duka jingine la programu au mfumo wa simu wenyewe. Simu imejisasisha. Haikukosea, imefanya ilivyopangwa kiwandani: ingoje mwenye simu asiiguse, iwe kwenye chaji, iwe na intaneti, ndipo ishushe mzigo. Ndiyo maana mambo haya hutokea usiku.

Jambo ambalo halieleweki, hata kwa watu wanaojua simu vizuri, ni kwamba usasishaji unatoka sehemu tatu tofauti, na swichi ya sehemu moja haizimi nyingine. Kuna duka la programu, kuna mfumo endeshi unaotumwa na mtengenezaji wa simu, na kuna vipande vya mfumo ambavyo Google huvituma moja kwa moja tangu Android 10 ya mwaka 2019. Anayezima kimoja huamini kazi imekwisha. Haijaisha.

Anza na duka. Fungua Play Store, gusa picha au herufi ya akaunti yako pembeni juu, ingia "Settings", "Network preferences", halafu "Auto-update apps". Utakuta chaguo la mtandao wowote, la Wi-Fi pekee na la kutosasisha kabisa. Kwenye matoleo mapya lipo pia linaloruhusu data kidogo ya laini. Hilo nalo ni data, usilipuuze kwa sababu ya neno "kidogo". Ushauri wetu ni Wi-Fi pekee, kisha utoe alama kwenye programu moja moja usizotaka zijisasishe. Fungua ukurasa wa programu husika ndani ya Play Store, gusa vidoti vitatu vya juu kulia, ondoa tiki kwenye "Enable auto-update". Michezo na programu za video ndizo za kuanza nazo, maana ni nzito na kuchelewa kwake hakumdhuru mtu. Programu ya benki, WhatsApp na kivinjari ziachie tiki yake.

Wenye Tecno, Infinix na itel wana duka la pili ndani ya simu, Palm Store, na mipangilio ya Play Store hailigusi hata kidogo. Lifungue, tafuta mipangilio yake, zima usasishaji wa otomatiki. Kisha rudi kwenye "Settings", "Apps", Palm Store, upande wa data, uzime "Background data" ili lisitumie data wakati hujalifungua. Wenye Xiaomi wafanye vivyo hivyo kwa GetApps.

Mfumo endeshi sasa. Kwenye Samsung ingia "Settings", "Software update", zima "Auto download over Wi-Fi". Kwenye simu nyingine nyingi sehemu hiyo iko chini ya "System" au "About phone", na swichi yenyewe imejificha nyuma ya alama ya gia au vidoti vitatu vya pembeni. Ipo swichi nyingine ndani ya "Developer options". Hiyo hufunguliwa kwa kugusa "Build number" mara 7 mfululizo, kisha unazima "Automatic system updates". Swichi hii inazuia sasisho lililokwisha kushushwa lisijiwekee pale simu inapozimwa na kuwashwa. Haizuii kushushwa kwake, kwa hiyo anayeizima kwa ajili ya kuokoa bando amepoteza muda wake. Ukimaliza, usichezee kingine chochote humo ndani, na ikibidi uifunge tena menyu hiyo, kwa sababu baadhi ya programu za benki hugoma kufunguka zikiikuta imewashwa.

Kwenye iPhone fuata mpangilio huu bila kuruka hatua. Kwanza "Settings", "General", "Software Update", "Automatic Updates", uzime kushusha na kuweka. Pili "General", "iPhone Storage", tafuta jina la iOS, mfumo endeshi wa iPhone, kwenye orodha. Ukilikuta, sasisho limeshashushwa na limekalia nafasi yako. Liguse, kisha "Delete Update". Anayeanza na hatua ya pili anafuta usiku, na asubuhi analikuta limerudi, GB kadhaa zimelipiwa mara mbili. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya App Store: zima "App Updates", na kwenye sehemu ya data ya laini zima "Automatic Downloads". Mwenye iPhone ya 5G aangalie pia "Data Mode" chini ya "Mobile Data Options". Ikiwa imewekwa "Allow More Data on 5G", simu ina ruhusa ya kushusha hata iOS yenyewe kwa bando la laini.

Tufike kwenye kisa kinachowachanganya wengi: "Niliweka Wi-Fi pekee, na bado bando langu limeisha." Swali la kumuuliza mtu huyu ni moja: hiyo Wi-Fi inatoka wapi? Kama inatoka kwenye MiFi, kile kirauta cha mfukoni chenye laini ndani, basi ni bando lile lile lililovaa kanzu nyingine. Simu haioni laini iliyomo ndani ya kifaa. Inaona Wi-Fi, na kwa simu Wi-Fi maana yake ni intaneti isiyohesabiwa. Watu wanne wa nyumba moja wakiunganisha simu zao kwenye MiFi yenye GB 10, kila simu inajisasisha kwa zamu yake, na mzigo ule ule unashushwa mara nne. Simu ya Android inayorusha hotspot kwa Android mwenzake hutuma ishara kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, hivyo anayepokea hujizuia. Usitegemee ishara hiyo kutoka kwenye MiFi.

Dawa yake ni kuiambia simu ukweli. Ukiwa umeunganishwa na MiFi, nenda "Settings", "Network & internet", "Internet", gusa gia iliyo pembeni ya jina la mtandao huo, tafuta "Network usage", weka "Treat as metered". Kwenye iPhone gusa herufi "i" pembeni ya jina la Wi-Fi, washa "Low Data Mode", iliyopo tangu iOS 13. Kompyuta ya Windows inayotumia MiFi hiyo hiyo ina swichi yake pia, "Metered connection", na ikisahaulika inakula kuliko simu zote. Mpangilio huu hukaa kwa jina la mtandao, kwa hiyo ukibadilisha jina la MiFi unaanza upya.

Hadi hapa tumezungumzia kuzuia sasisho lisije saa usiyoitaka. Kulikataa moja kwa moja ni jambo lingine, na hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Mwezi Mei 2019 WhatsApp ilitoa toleo jipya kuziba tundu lililowezesha programu ya kijasusi kupandikizwa kwa kupiga simu tu, hata kama mpigiwa hakupokea. Hakuna tahadhari ya mtumiaji ambayo ingeziba tundu hilo, kilicholiziba ni sasisho. Na anayezima kila kitu hafiki mbali, kwa kuwa WhatsApp huweka ukomo kwenye matoleo yake. Siku moja inagoma kufunguka mpaka uisasishe, na siku hiyo huwa ndiyo ile ambayo huna bando.

Kwa hiyo chagua siku moja kila mwezi. Tumia Wi-Fi ya ofisini, chuoni au kwa mtu mwenye kifurushi kisicho na ukomo, hakikisha chaji imezidi asilimia 50, nakili picha na namba za simu mahali pengine, acha GB kadhaa wazi, kisha sasisha kwa mkono wako. Ukimaliza, angalia tarehe ya "Android security update" kwenye "About phone". Ikiwa ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma na simu inasema haina sasisho jipya, mtengenezaji ameiacha. Hapo huna cha kuzuia, na tungekushauri usiifanye simu hiyo kuwa ya kuhifadhia fedha.

Wanaosema masasisho hutumwa makusudi ili kuua simu za zamani hawajalitoa hewani. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba iOS ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5 kwa masasisho yaliyodhoofisha simu. Februari 2020 Ufaransa iliitoza Apple euro milioni 25 kwa kutowaambia watumiaji. Hayo yametokea. Lakini simu inayopata joto na kuwa nzito siku moja au mbili baada ya sasisho kwa kawaida inapanga upya programu zake, na mtu anayeikimbiza kwa fundi jioni ile ile "arudishe toleo la zamani" ananunua tatizo kubwa kuliko alilonalo. Apple huacha kuidhinisha matoleo ya zamani, na Android nyingi zina kizuizi cha kurudi nyuma. Kuflashi, yaani kuuweka mfumo wa simu upya, hufuta kila kitu, na simu ikiwaka inadai akaunti ya Google iliyokuwamo awali. Nywila umeisahau. Unabaki na tofali.

Kuhusu fundi, sheria iko wazi na hatuchoki kuirudia. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ya mwenyewe, na simu imo humo, ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kubadili IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, nako ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Simu ikitoka kwa fundi piga *#06#, linganisha na namba iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Ni dakika mbili.

Ujumbe unaosema "sasisha simu yako hapa" ukiambatana na kiungo haujatoka kwa mtengenezaji. Masasisho ya kweli hukaa ndani ya "Settings" na ndani ya duka la programu, basi. Ujumbe huo upeleke 15040.

Sasa utaratibu wa malalamiko kwa yule ambaye daftari la simu yake halionyeshi matumizi yaliyokatwa. Mambo ya kuwa nayo ni namba ya laini, jina la kifurushi, tarehe na saa uliyonunua, saa kilipokwisha, na picha ya skrini ya "App data usage" ya siku hiyo hiyo. Ya wiki iliyopita haisaidii. Maelekezo ya mwaka 2021 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) yanamtaka mtoa huduma akujulishe matumizi yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100, na asikupeleke kwenye salio la kawaida bila ridhaa yako. Kama jumbe hizo hazikuingia, liandike hilo mahali pake kama lalamiko linalojitegemea. Anza kwa mtoa huduma, piga 100 au nenda dukani kwake, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na jibu, peleka TCRA kwa maandishi pamoja na namba hiyo na nakala ya jibu ulilopewa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka ana haki ya kukata rufaa Baraza la Ushindani. Barua inayokuja moja kwa moja kwa Mamlaka bila namba ya kumbukumbu ya mtoa huduma itarudishwa ianzie kwake, na muda wote huo picha zako za skrini zinazidi kuzeeka.