Kutunga kolie ya malakiti nyumbani: anza na uzi

Wateja wengi hunijia na shanga ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Kolie, yaani mkufu wa shanga, imekatika, wameokota walichoweza kuokota, wanataka niitunge upya. Swali langu la kwanza huwashangaza: uzi uko wapi? Wengi wameshautupa. Inasikitisha, maana uzi ule ndio ungetueleza kilichotokea.

Ukiniletea uzi, nauweka juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha na kutazama ncha yake. Ncha iliyotawanyika kama nywele za mswaki uliochakaa inasema uzi umesuguliwa polepole, pengine miezi mingi, kwa uzito wa shanga zenyewe. Ncha safi, kama iliyopitiwa na wembe, inasema kuna ushanga mmoja wenye tundu la ukingo mkali. Huo lazima tuutafute kabla ya kutunga tena, la sivyo utakata na uzi mpya. Ncha iliyojikunja, yenye alama za mviringo, inasema uzi ulikuwa mzima ila fundo limefunguka. Kolie nilizotengeneza upya hapa Lubumbashi, chache sana ziliharibika kwa ushanga kupasuka. Karibu zote ni uzi, tundu au fundo. Ndiyo sababu leo nitakaa sana kwenye mambo hayo matatu, na habari za rangi nitazigusa kidogo tu.

Nachukulia unatunga malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, kwa kuwa sisi watu wa Katanga, kusini mwa Kongo, tuna bahati ya kulipata karibu na nyumbani. Linatoka kwenye ardhi ileile inayotoa shaba, upande wa Kolwezi na Likasi, na kijani chake kinatokana na shaba iliyomo. Wachongaji wetu huuza shanga zake zikiwa zimepangwa kwenye kamba, za milimita 6, 8 au 10. Ukitaka kuanza, chukua za milimita 8. Zile za 6 zina matundu membamba yanayochosha mkono usiozoea, na za 10 ni nzito.

Uzito huo watu huusahau. Ushanga wa malakiti wa milimita 8 una karibu gramu 1. Wa kioo wenye ukubwa uleule una karibu theluthi mbili ya hapo. Wa milimita 10 unafika gramu 2, ingawa kwa macho umeongezeka kidogo tu. Kolie nzima ya milimita 8 inakaribia gramu 50, na uzito huo wote unaning'inia kwenye uzi kila hatua unayopiga, kila mara unapoinama kuinua ndoo au kumbeba mtoto.

Uzito pia utakusaidia usidanganywe. Siku hizi kuna shanga za plastiki zilizochorwa mistari ya kijani, na kwa picha ya simu huwezi kuzitofautisha. Shika moja mkononi. Malakiti ni nzito na ni baridi. Iguse kwa mdomo wa juu, utasikia ubaridi unaokaa. Plastiki hupata joto mara moja. Kisha tazama mistari: kwenye jiwe inapanuka, inabanana, inazunguka kama maji ya ziwa, na hakuna shanga mbili zilizo sawa. Ukikuta tatu zenye mchoro mmoja, rudisha. Usikubali kabisa jaribio la kudondoshea ndimu au siki. Ni kweli jiwe la kweli litatoa povu, lakini povu hilo ni jiwe lenyewe linaloliwa, na mng'ao hautarudi.

Sasa uzi. Nilipoanza kazi hii nilitumia nailoni ya kuvulia samaki kwa kila kitu. Ni rahisi kupata, inaingia tunduni bila sindano, haionekani. Nilimtungia mama mmoja kolie ya malakiti ya kuvaa kwenye ndoa ya binti yake. Miezi minne baadaye alikuja na ule mfuko wa plastiki. «Yaya, imekatika mu misa,» aliniambia, na akanieleza jinsi shanga zilivyokimbia chini ya viti watu wakiwa wamepiga magoti. Alikosa shanga sita. Niliposhika kipande cha uzi aliokuwa ameuhifadhi na kukikunja kwa vidole, kilivunjika. Hakikupinda, kilivunjika kama kijiti kikavu. Kolie hiyo ilikuwa inatundikwa kwenye msumari ukutani mkabala na dirisha, na jua hukausha nailoni ya namna hiyo hadi inapoteza unyumbufu wake. Nilimtungia upya bila malipo, na tangu siku hiyo sijatumia uzi wa samaki kwenye jiwe.

Ninaoutumia sasa ni ule wa fundi viatu. Nenda kwa fundi yeyote pale soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, mwombe akukatie mita 2 za uzi wa nailoni uliosokotwa, ule mwembamba, wa nusu milimita hivi. Umetengenezwa kwa ajili ya soli, kwa hiyo gramu 50 kwake si kitu. Upitishe mara tatu kwenye kipande cha nta ya nyuki. Wauza asali wanaotoka msituni huwa nayo, na harufu yake tu inafurahisha kazi. Nta inazifanya nyuzi ndogo zishikamane, inapunguza msuguano na inasaidia fundo kukaa. Rangi nyeusi au kijani cheusi inapendeza na malakiti kuliko nyeupe, ambayo huchafuka kwa jasho ndani ya wiki chache.

Kabla ya kutunga, kagua matundu. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Kata kipande cha uzi uleule, pitisha ushanga mmoja, vuta huku na huku mara kumi ukiukandamiza uzi kwenye ukingo, kisha tazama uzi. Ukiona unyoya unyoya umeanza kutoka, ukingo ni mkali. Chukua msasa laini sana, ukate kama kijiti cha kiberiti, uusokote uwe mwembamba, uuchovye majini na uuzungushe kwenye mdomo wa tundu mara tano au sita, kila upande. Malakiti ni laini, haikwaruzi hata kioo, kwa hiyo usitumie nguvu. Fanya hivyo ushanga ukiwa umezama kwenye bakuli la maji, ambalo halitatumika tena kwa chakula. Vumbi la malakiti lina shaba na halifai kuingia kifuani. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kutoboa wala kuchonga jiwe hili pakavu nyumbani, watoto wakiwa karibu. Kazi hiyo waachie wachongaji wenye mashine ya maji.

Tandaza kikwembe kilichokunjwa juu ya sinia. Shanga hazitabingirika, na ukiitwa jikoni kugeuza bukari (ugali) unabeba sinia lote bila kupoteza mpangilio.

Urefu: zungusha uzi shingoni mbele ya kioo. Sentimita 45 hukalia mitulinga, ile mifupa miwili chini ya shingo, kwa watu wengi, nayo inafaa nguo karibu zote. Toa sentimita 3 za kifungo, zinabaki 42. Ukitunga shanga zikigusana, milimita 8 kila mmoja, utahitaji 52 au 53. Mimi hufunga fundo baada ya kila ushanga, na fundo linakula karibu milimita 1, kwa hiyo zinatosha 46 au 47. Mafundo yana kazi kubwa. Malakiti mbili zikigusana siku nzima zinakwaruzana hadi zinapoteza mng'ao, na uzi ukikatika kanisani unapoteza ushanga mmoja au mbili, si sita.

Kata mita moja na nusu ya uzi. Sentimita 3 za mwisho zipake gundi ya haraka, zikauke, kisha zikate kwa mshazari. Hiyo ndiyo sindano yako. Ingiza shanga tatu za kwanza bila fundo, ukiacha mkia wa sentimita 15. Pitisha uzi kwenye pete ya kifungo, yaani duara dogo ambalo kifungo kitashikia, urudi ndani ya shanga hizo tatu ukifunga fundo moja kati ya kila ushanga na mwenzake. Uzi utakuwa mara mbili ndani ya tundu, utabana, na kubana huko kunasaidia; ila hizo tatu chagua zenye tundu pana kidogo.

Kuanzia hapo ni mwendo mmoja. Ingiza ushanga. Fanya kitanzi cha fundo la kawaida, usilikaze. Ingiza ncha ya sindano ya kushonea ndani ya kitanzi, na kwa sindano hiyo lisukume fundo taratibu hadi liguse ushanga kabisa. Shikilia hapo, vuta uzi kwa mkono wa pili, fundo linajikaza likiizunguka sindano. Chomoa sindano, kisha lisukume fundo kwa kucha za vidole viwili dhidi ya ushanga. Mafundo matano ya kwanza yatakaa mbali na utaona pengo. Yafungue, rudia. Likifika la kumi, kidole kitakuwa kimejua chenyewe. Fundo likizama ndani ya tundu, uzi wako ni mwembamba mno. Badilisha sasa, usijidanganye kwamba litashika.

Ukifika mwisho fanya kama mwanzo: shanga tatu bila fundo, pete, rudi. Weka tone dogo la gundi kwenye fundo la mwisho na ukate mkia. Usichome ncha kwa kiberiti kama inavyofanywa kwenye viatu. Nailoni iliyoyeyuka inakuwa kidonge kigumu kinachochoma shingo, na moto unaweza kudhoofisha uzi wa jirani.

Kifungo tengeneza cha shaba. Vya dukani vimepakwa rangi ya dhahabu inayobanduka, nasi tunaishi juu ya shaba. Kipande cha waya wa umeme wa nyumba, ule unaoitwa wa 1.5, kikimenywa plastiki yake kina shaba ya unene wa karibu milimita 1.4. Kata sentimita 6, kikunje kuzunguka msumari mnene kiwe kama herufi S. Kiko laini, utakipinda kwa vidole, na kikiachwa hivyo kitafunguka chenyewe shingoni. Kiweke juu ya chuma bapa na ukigonge kwa nyundo ndogo, pole pole, pande zote mbili. Shaba hukakamaa kwa kugongwa. Utasikia sauti ya nyundo ikibadilika, kutoka ya kuzama kuwa ya kulia. Hapo acha, maana ukiendelea itapata nyufa. Lainisha ncha kwa msasa ili zisikwaruze ngozi. Wazee wetu waliijua kazi hii vizuri sana: makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambayo wanaakiolojia walianza kuyachimbua mwaka 1957, yalitoa mapambo mengi ya shaba yaliyofuliwa karibu miaka elfu moja iliyopita. Kila ninapokunja waya nawakumbuka mafundi hao.

Kosa moja la shaba na malakiti naliona mara nyingi. Shaba ikifubaa, kila mtu anajua dawa: ndimu na chumvi. Inang'aa kweli. Lakini ndimu hiyo ikigusa malakiti inaila. Kwa hiyo kifungo kisafishe kabla ya kukifunga, ukisuuze kwa maji, ukikaushe. Ndiyo maana napenda umbo la S linalotoka pande zote mbili: unaweza kukichomoa, ukakiosha peke yake. Kama shaba inakuachia kijani shingoni, ni jasho, sabuni inaitoa.

Kuhusu mpangilio nina maoni machache. Wanafunzi wangu wanataka kulia na kushoto viwe sawasawa, na wanatumia saa nzima kutafuta shanga pacha ambazo malakiti haina. Nawaeleza habari za lukasa, ule ubao wa mkononi wa Waluba. Wazee wa chama cha Mbudye waliupitisha vidole wakasimulia historia ya ufalme kwa kusoma shanga na simbi zilizopachikwa juu yake. Ushanga mmoja mkubwa uliozungukwa na wadogo uliweza kuwa mfalme na watu wake. Shanga zile zilipangwa kwa maana. Nami huanza hivyo: natafuta ushanga mmoja ambao mistari yake inanivutia, naweka katikati, kisha wengine nawapanga kuanzia wa kijani cheusi karibu na shingo kwenda wa kijani cheupe kifuani. Ukichanganya shanga ndogo za kioo, chagua rangi moja tu. Nyekundu iliyokolea inapendeza kuliko zote, na nitaitetea mbele ya yeyote.

Ivae mwisho, baada ya mafuta na manukato kukauka, na ivue kabla ya kuoga. Ifute kwa kitambaa kikavu. Ilaze kwenye boksi, usiitundike. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kuivaa mara kwa mara, vuta uzi taratibu pale karibu na pete. Ukiona ule unyoya, itunge upya siku hiyohiyo. Na unaponunua kamba ya shanga, zitakubakia chache baada ya kupata 46 zako. Zifunge kwenye kitambaa, uandike tarehe. Jiwe lingine, hata likitoka shimo lilelile, litakuwa na kijani chake, na ukipoteza ushanga mmoja miaka mitatu ijayo hutapata wa kufanana nao sokoni.