Bustani ya mimea ni nini?

Maua yaliyopandwa kuzunguka ofisi au hoteli ni bustani ya mapambo. Bustani ya mimea ni mahali mimea hai inapotunzwa pamoja na kumbukumbu zake: namba ya kila mmea, jina lake la kisayansi, mahali mbegu ilipookotwa na mwaka. Kumbukumbu hizo ndizo roho ya kazi. Bila hizo hujui mti ulitoka wapi, wala huwezi kurudisha uzao wake porini kwa uhakika.

Tanzania tunayo ya Amani, Usambara Mashariki, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kwanza kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara. Kuokoa mimea inayotoweka ni jukumu ambalo bustani nyingi duniani zililipa uzito baadaye.

Tuchukue Tabora. Miombo inakatwa kwa mkaa, kwa mashamba na kwa kuni za mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, na mninga unawindwa kwa mbao zake. Mti huu hauna haraka. Mche wake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikinyesha, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Asiyejua huung'oa akidhani umekufa. Kitalu cha bustani ya mimea kinaujua mwendo huo na kinauvumilia.

Mbegu nyingi hukaushwa na kuwekwa kwenye baridi kali, zikadumu miaka mingi. Ya embe haikubali, ikikauka inakufa. Kwa hiyo aina za maembe ya Ujiji na Tabora lazima zitunzwe zikiwa miti.

Kupanda mti mmoja tu hakutoshi. Huko Ngoye, Afrika Kusini, mwaka 1895 ulipatikana mmea uitwao Encephalartos woodii, dume, na jike halijaonekana hadi leo. Iliyopo kwenye bustani mbalimbali imetokana na machipukizi ya dume hilo, kwa hiyo haiwezi kupata mbegu zake halisi. Ndiyo maana mbegu za mninga zingefaa kuokotwa chini ya miti mingi, ya Urambo, Kaliua na Sikonge.

Kuhusu elimu, kibao chenye Kilatini peke yake hakimsaidii mwanafunzi. Wafuga nyuki wa Sikonge wanajua mti wa mtundu unachanua lini na nyuki wanaufuata vipi. Hayo yaandikwe kibaoni, kwa Kiswahili na Kinyamwezi, na wao waalikwe kuwatembeza wanafunzi bustanini.